Mzigo Ulio Kichwani: Uhakiki wa Picha Moja ya Kanivali

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuchambua hotuba, sheria, bei za mazao na historia ya Chama. Picha hatuzigusi. Tunaziacha zitundikwe ukutani kama mapambo, nasi tunaamini kwamba pambo halina siasa. Hilo ni kosa. Picha huchorwa na mtu mwenye nafasi yake katika jamii, hununuliwa na mtu mwenye fedha, na humfundisha kila anayeitazama, hata kama mtazamaji hajui kwamba anafundishwa. Mtu anayekula chakula chake mbele ya picha moja kwa miaka kumi amepata somo refu kuliko lile tunaloweza kumpa sisi wakufunzi kwa semina ya juma moja.

Picha ninayotaka kuihakiki iko hapa Ihanja, wilaya ya Ikungi, katika sebule ya mwenzetu mmoja aliyezawadiwa na mgeni. Ni nakala iliyochapwa miaka ya karibuni kutokana na picha ya zamani sana. Nyuma yake pamebandikwa karatasi inayosema kwamba huu ni mchoro wa kale wa tindikali, uliopakwa rangi kwa mkono, nao unaonyesha kanivali mtaani. Mwenzetu anaipenda. Aliniambia, "Mwalimu, tazama Waafrika walivyokuwa na furaha hata huko ugenini." Kwa ajili ya sentensi hiyo niliomba kuiazima, nikaipeleka darasani jioni mbili.

Kwanza tusahihishe karatasi. Mchoro wa tindikali hufanywa juu ya bamba la shaba. Bamba hupakwa nta, mchoraji hukwaruza nta kwa sindano, kisha bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Wino huingia katika mifereji hiyo na kuhamia kwenye karatasi. Picha yetu haikufanywa hivyo. Ni litografia, yaani picha iliyochorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini. Wino wa mafuta hushika palipochorwa na kukataa palipolowa maji. Wauza picha huchanganya mambo haya mara nyingi, na pengine si kosa kubwa. Lakini neno "kale" na maneno "kwa mkono" si maneno ya bure katika soko la picha. Ndiyo yanayopandisha bei. Kada akisikia maneno yanayopandisha bei, hana budi kuuliza mkono huo ulikuwa wa nani. Nitarudi hapo.

Aliyeichora ni Jean-Baptiste Debret, Mfaransa aliyezaliwa 1768 na kufariki 1848. Alikuwa ndugu na mwanafunzi wa Jacques-Louis David, yule mchoraji mkuu wa Mapinduzi ya Ufaransa na baadaye wa Napoleon. Napoleon alipoanguka 1815, wachoraji wa upande wake walikosa kazi. Mwaka 1816 Debret alivuka bahari pamoja na kundi la wasanii wa Kifaransa wakaenda Rio de Janeiro, ambako mfalme wa Wareno alikuwa amehamishia ikulu yake. Huko alikaa miaka 15, hadi 1831. Alikuwa mchoraji wa ikulu, akichora wafalme na sherehe zao. Wakati huohuo alikuwa akitembea mitaani na karatasi zake, akichora wachukuzi, wauza maji, vinyozi, wagonjwa, maiti wakipelekwa kuzikwa. Aliporudi Paris alitoa kitabu kikubwa cha safari yake ya Brazili, juzuu 3, kati ya 1834 na 1839. Picha ya kanivali imo katika juzuu ya 2, ya mwaka 1835. Tuushike mwaka huo.

Wengine watauliza, Brazili inatuhusu nini sisi watu wa Singida? Inatuhusu. Hesabu ya watu ya 1821 ilikuta mjini Rio watu takriban 79,000, na kati yao watumwa walikuwa takriban 36,000. Wengi walitoka Angola na Kongo. Lakini baada ya mikataba ya Waingereza na Wareno ya 1815 kuifunga biashara hiyo kaskazini ya ikweta, wafanyabiashara wa Rio waliigeukia zaidi pwani yetu ya mashariki. Meli zilipakia watu Quelimane na katika Kisiwa cha Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wamakua na Wayao, ambao ndugu zao tunao Mtwara na Ruvuma, waliuzwa huko kwa jina moja tu la "Msumbiji". Debret mwenyewe ana ukurasa wa nyuso za Waafrika wa mataifa mbalimbali, na "Msumbiji" ni mojawapo. Kwa hiyo anayesema watu wa picha hii ni wa mbali, apime upya umbali.

Sasa tuitazame. Ni pembe ya mtaa, mbele ya duka dogo la vyakula. Ni siku za mchezo ambao Wareno waliuita entrudo, siku tatu kabla ya mfungo wa Kikristo, ambapo watu walirushiana maji na kupakana wanga mweupe wa muhogo. Walirushiana pia malimau ya nta, yaani vigamba vyembamba vya nta vyenye umbo la limau, vilivyojazwa maji yenye manukato. Katikati yuko mwanamke mwenye kikapu kichwani. Mwanamume anampaka wanga usoni. Mtoto wa kiume, mwenye bomba la bati mkononi, anamrushia maji. Mlangoni mwa duka ameketi mwanamke mzee anayeuza malimau hayo na wanga, sinia likiwa magotini, uso wake tayari umekwisha kupakwa. Mtoto aliyejipaka udongo wa manjano anachagua malimau aliyokwisha yalipia. Karibu yao mwanamume mwenye mstari mwekundu kwenye paji la uso ananunua wanga kwa binti mdogo wa miaka tisa au kumi.

Ni picha iliyochorwa vizuri, na sioni aibu kulisema hilo. Miili ina uzito wake. Mwanamke wa katikati si kikaragosi. Shingo yake ni shingo ya mtu aliyezoea mzigo. Wapo makada wanaodhani kwamba kuhakiki kazi ya mtu wa tabaka jingine ni kuitukana tangu mstari wa kwanza. Huko si kuhakiki. Kama picha ingekuwa mbaya isingekuwa na hatari yoyote.

Darasani maoni yaligawanyika mara moja. Kijana mmoja, msomaji mzuri, alisimama akasema kwamba hii ni kasumba tupu: watawala huwapa watumwa siku tatu za kucheza ili wafanye kazi siku 362 bila kuasi. Na wanga mweupe juu ya uso mweusi, alisema, ni kujidharau, mtumwa anajipaka sura ya bwana wake. Mwingine alimpinga. Alisema ngoma na michezo ndiyo iliyowaweka Waafrika hai ugenini, na asiyeona hivyo amesahau kwamba Mwalimu Nyerere, Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, alilisikitikia taifa lililojua dansi za Ulaya na kutojua ngoma zake, akaunda wizara ya utamaduni. Walibishana kwa nusu saa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupigwa kelele kuliko ukweli mzima.

Nyuma ya darasa alikuwapo bibi mmoja, mkulima wa mtama na alizeti, ambaye katika ujana wake alikuwa mwimbishaji wa ngoma. Hakuingia katika ubishi. Alisogea karibu na picha, akainama, akauliza, "Mwanangu, kile kikapu kichwani ni cha nani?"

Hakuna aliyekuwa amekiona kikapu. Tulikuwa tumeona wanga, maji, rangi, vicheko. Yeye aliona mzigo, kwa kuwa amebeba mizigo.

Nilikwenda kuyasoma maelezo ambayo Debret aliyaandika kuandamana na picha, na jibu limo. Kikapu kimejaa vyakula ambavyo mwanamke huyu anawapelekea mabwana zake. Anasema wazi kwamba mwanamke amejitolea vyote ili kikapu kisipoteze mizani, ndiyo maana anapakwa na kulowanishwa bila kujikinga. Kwa mchoraji hilo ni jambo la kuchekesha. Ni ajali ndogo ya siku ya sikukuu. Kwa bibi yetu lilikuwa jambo la kwanza. Mwanamke huyu hachezi. Yuko kazini. Mikono haiwezi kuinuka kumzuia mtu, kwa sababu chakula kikianguka, kuna nyumba atakayorudi na kuna mtu atakayemwuliza.

Kutoka hapo picha nzima inasomeka upya. Tuhesabu wanaofanya kazi katika picha hii ya furaha: mchukuzi wa chakula, muuza malimau, binti wa miaka tisa au kumi anayeuza wanga. Hata duka limefunguliwa. Sikukuu haikusimamisha uzalishaji wala uchuuzi. Imepita katikati yake kama mvua. Na wale wanaopakana ni nani kwa nani? Ni wanyonge watupu. Mwanamume anampaka mwanamke aliyeshikwa na mzigo wa mtu mwingine, mtoto anamlowanisha. Hakuna hata mmoja anayemgusa bwana.

Hii si bahati ya siku hiyo. Debret anaeleza kwamba weusi walicheza wao kwa wao. Wazungu walirushiana malimau ya nta majumbani na kutoka barazani juu, na mtumwa aliyepigwa limau kutoka juu hakuwa na ruhusa ya kulirudisha. Utawala ulipoanza kuupiga marufuku mchezo huu kwa amri za mji, adhabu nazo zilitengwa kwa matabaka: mtu huru alipe faini au akae kizuizini siku chache, mtumwa afungwe jela au achapwe mijeledi. Mchezo mmoja, sheria mbili. Wanaosema kwamba kanivali huwafanya watu wote sawa kwa siku tatu wasome amri hizo.

Lakini hapa sikubaliani na kijana wetu. Haitoshi kusema kwamba yote yalikuwa kasumba. Katika maelezo yaleyale Debret anataja jambo ambalo mbele ya picha hakulipa nafasi. Anasema aliona kanivali moja ambayo vikundi vya weusi walivaa vinyago na mavazi ya wazee wa Kizungu, wakapita mtaani wakiiga mwendo na ishara zao, wakiwainamia watu wa barazani kulia na kushoto, huku wapiga muziki weusi, nao wamevaa vivyo hivyo, wakiwasindikiza. Anawasifu kwamba waliiga kwa ustadi. Mabwana wa barazani walidhani wanasalimiwa. Mimi nasema walikuwa wanachorwa, na safari hii wachoraji ni watumwa, na turubai ni mtaa. Kuhusu wanga mweupe usoni, basi, tusiharakishe kusema ni kujidharau. Uso mweupe unaofutika kwa maji ni fundisho pia juu ya uso mweupe.

Yupo mtu mmoja ambaye hayumo ndani ya picha, naye ndiye mkubwa kuliko wote: bwana mwenyewe. Mwenye kikapu hayupo. Mwenye duka haonekani. Tunaona pembe ya mtaa wa mji wa watumwa bila mwenye watumwa, kana kwamba hali hii ilijizaa yenyewe. Yuko wapi? Yuko pale tulipo sisi watazamaji. Ni yeye aliyesimama mbele ya tukio, mikono nyuma, nguo kavu, akitabasamu. Picha imempa mnunuzi wa Paris nafasi ya bwana wa Rio bila kumtoza dhambi ya bwana wa Rio. Mwenzetu wa Ihanja aliposema Waafrika walikuwa na furaha, alikuwa amesimama mahali hapohapo palipoandaliwa, na wala hakujua kwamba amewekwa.

Je, Debret alikuwa mwongo? Hapana, na hapa uhakiki wetu uwe wa haki. Juzuu ileile ya 1835 ina picha ya msimamizi wa shamba akimpiga mtumwa aliyefungwa mikono na miguu, na ina picha nyingine ya mtumwa amefungwa kwenye nguzo uwanjani, akichapwa mijeledi hadharani. Kitabu kizima kilikuwa na mjeledi na wanga pamoja. Wakubwa wa Brazili walilijua hilo: kamati ya taasisi yao ya historia na jiografia, mwaka 1841, iliona kwamba juzuu hiyo ya 2 haina manufaa makubwa kwa Brazili. Tabaka tawala halikosi kutambua kinachofaa na kisichofaa.

Kilichofanywa na soko ni kikubwa kuliko kilichofanywa na mchoraji. Vitabu vikubwa vya picha vya karne ile huchanwa. Mfanyabiashara hununua kitabu, hukata kurasa, huzitia fremu, na kuuza moja moja, kwa kuwa kurasa zikiuzwa kila moja peke yake huleta fedha nyingi kuliko kitabu. Sasa fikirini ni ukurasa upi unaokwenda sebuleni. Mtu anayetafuta pambo la juu ya kochi hatanunua mtu aliyefungwa kwenye nguzo. Atanunua kanivali. Hivyo kitabu kilichokuwa kimesema mambo mawili kwa pamoja kimegawanywa: furaha imepanda ukutani, maumivu yamebaki kwenye kabati za wataalamu. Hakuna mtu aliyetoa amri ya kudanganya. Bei imefanya kazi hiyo yenyewe, kimya kimya.

Na rangi? Katika karakana nyingi za picha za Ulaya wakati ule, kazi ya kupaka rangi kwa mkono ilikuwa ya wanawake na watoto. Walikaa kwenye meza ndefu, mbele yao karatasi ya mfano. Mmoja hupaka buluu, humpa wa pili apake nyekundu, wa tatu kijani, na malipo yao ni kwa idadi ya karatasi. Nyingine zilipakwa miaka mingi baadaye kwa ajili ya wanunuzi tu, ndiyo sababu sketi ya mtu mmoja huwa buluu katika nakala hii na manjano katika nakala ile. Huo ndio mkono unaotajwa kwenye karatasi ya nyuma. Mwanamke wa Rio mwenye kikapu na mwanamke wa karakana mwenye brashi wamekutana juu ya karatasi moja, na hakuna aliyelijua jina la mwenziwe. Bibi yetu aliposikia hivyo alisema tu, "Kumbe wote walikuwa kazini."

Nilisema tuushike mwaka 1835. Wakati kitabu kinachapwa Paris, katika mji wa Salvador wa jimbo la Bahia, huko huko Brazili, watumwa na Waafrika huru walijiandaa kwa siku nyingine ya sikukuu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Januari, siku ya Mama Yetu wa Uongozi katika msimu wa sherehe za Bonfim, ambapo watu wengi wangetoka mjini kwenda kanisani na kwenye shangwe. Vilevile zilikuwa siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani. Viongozi wengi wa mpango huo walikuwa Waislamu, wengi Wayoruba na baadhi Wahausa, waliojua kusoma na kuandika Kiarabu katika mji ambao mabwana wengi hawakujua kusoma lugha yoyote. Walifahamu kwamba siku ya sikukuu bwana hulegeza macho. Siri ilivuja usiku wa kuamkia, mapigano yakaanza kabla ya saa iliyopangwa, na yakazimwa. Waasi takriban 70 waliuawa. Wengine walihukumiwa kifo, mijeledi, jela au kurudishwa Afrika. Mapambano hayo yanaitwa Uasi wa Wamale.

Sikukuu ni moja. Mazoea ya kukusanyika, kuvaa sare, kutembea mtaani, kuwa na mkubwa wa kundi na kuchanga fedha ni yaleyale. Kinachotofautisha wanga na uasi si aina ya ngoma. Ni kama kuna watu ndani ya ngoma wanaojua wanataka nini, na kama kuna chombo kinachobaki ngoma ikimalizika. Jambo hilo haliwezi kuonekana katika picha. Mchoraji huona kundi. Mpango hauonekani kwa jicho.

Sisi wenyewe tuna historia hiyo. Kuanzia miaka ya 1890 pwani yetu, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, ilijaa ngoma ya beni. Vijana walijipanga kwa gwaride, na tarumbeta na ngoma za bendi, wakavaa kofia na mishipi, wakawa na Kingi wao, majemadari wao, madaktari wao. Kulikuwa na Marini, iliyojiona ya waungwana, na Arinoti, ambayo kwa jumla ilikuwa ya vibarua na watu wa bara. Waliwaiga maafisa wa Kijerumani na Kiingereza kama wale wa Rio walivyowaiga wazee wa barazani. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaichukua beni pamoja na askari na wapagazi mpaka Tabora, Nyasa na ng'ambo ya mipaka. Terence Ranger, aliyepata kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifanyia kitabu kizima mwaka 1975, na ndani yake jambo moja linarudi tena na tena: chini ya kofia na vyeo kulikuwa na mfuko. Mfuko huo ulizika wafu, uliuguza wagonjwa, ulimpokea mgeni asiye na ndugu mjini. Maafisa wa kikoloni walikuwa wakicheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Walicheka vyeo, waliogopa mfuko.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mei 1935, wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa ajili ya kodi iliyopandishwa. Huko Luanshya polisi waliwafyatulia risasi, wakaua watu 6. Tume ya serikali iliyochunguza mgomo ilisikiliza ushahidi kwamba ngoma ya mbeni, mtoto wa beni yetu, ilisaidia kusambaza habari kutoka mgodi mmoja hadi mwingine.

Na 1955, TANU ilipokuwa bado changa na wanaume wengi wenye vyeo serikalini wakiogopa kadi, nani aliyewaleta wanawake wa Dar es Salaam? Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Hakuanza kwa kuwahutubia watu asiowajua. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokwisha kuaminiana kwa harusi na misiba, na kwa miezi michache tu maelfu walikuwa wamejiandikisha. Laiti mchoraji fulani wa ikulu ya Gavana angepita Kariakoo jioni moja ya mwaka ule, angechora wanawake wa kanga wakicheza, rangi nzuri, nyuso za furaha. Asingeona kadi ndani ya mafundo ya kanga.

Baada ya kusema hayo kuhusu mabwana wa Rio na magavana, sina haki ya kufunga daftari kabla ya kutazama kwetu. Katika kata moja ambayo sitaitaja, kikundi cha ngoma cha akina mama kiliitwa kumpokea mgeni. Waliambiwa saa mbili asubuhi. Mgeni alifika saa tisa. Muda wote huo walikaa juani, sare mwilini, wengine na watoto mgongoni, na maji waliyokunywa ni yale waliyokuja nayo wenyewe. Mgeni aliposhuka walicheza kwa dakika kumi, wakapigwa picha nzuri sana. Nimeiona picha hiyo. Kila mtu anacheka. Mgeni amesimama mikono nyuma.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wale anaowaongoza, na ulitaka usawa ujengwe kwa makusudi. Hatukuandika jambo hilo kwa ajili ya Wareno. Kikundi kinachoitwa kucheza tu, na kisichoulizwa lolote juu ya kisima, bei ya alizeti au zahanati, kimewekwa pembe ya mtaa wa Debret. Kikundi hichohicho kina mfuko, kina mwenyekiti, kina kumbukumbu ya nani alimsaidia nani wakati wa njaa; kwa maneno mengine kina kila kitu ambacho tawi hulalamika kwamba halina. Kijana wetu wa darasani alitaka tuzipige vita ngoma. Mwenzake alitaka tuzisifu. Mimi napendekeza tuhudhurie mikutano yao, tukae nyuma, na tusiombe kuchezewa.

Bibi yule alikuwa miongoni mwa wale akina mama wa juani. Nililijua hilo jioni ya pili, na si yeye aliyeniambia. Nilipomwuliza kwa nini hakulisema pale tulipokuwa tukibishana juu ya wanga, alijibu kwamba alikuwa amelisema, pale alipouliza kuhusu kikapu.

Picha nimeirudisha kwa mwenyewe. Nimempa pamoja nayo nakala ya ule ukurasa mwingine wa juzuu ya 2, wa uwanjani, wenye nguzo, nikamwomba azitundike mbili sambamba, kama zilivyokuwa ndani ya kitabu. Ameniambia atafikiri. Mpaka juzi nilipopita kwake, kanivali ilikuwa imerudi juu ya kochi, na ile nyingine ilikuwa bado mezani, imefunikwa na gazeti.